Dodo na Dirisha la Paa

Wanawake wengine huposwa, wengine hujitafutia wenyewe, lakini mke wa Dodo alidondoshewa mume kutoka kwenye paa. Si maneno ya mtaani tu. Ilitokea mchana kweupe, katika chumba cha kupangia barua cha posta ya zamani, naye alikuwa amesimama palepale, rundo la bahasha mkononi.

Wakati huo alikuwa msichana mwembamba mwenye haraka, anayesoma anwani huku akipiga soga na wenzake bila kukosea kisanduku. Juu ya vichwa vyao kulikuwa na dirisha kubwa la paa, safu mbili za vioo zilizoegemeana kama viganja vya mtu anayeomba, zikishikiliwa na fremu za mbao nyeusi. Mwanga wote wa chumba kile ulishuka kutoka pale. Siku hiyo kijana fundi vioo alikuwa amepanda kubadilisha vioo vilivyopasuka. Akakanyaga ubao ambao kwa nje ulikuwa mzima na kwa ndani ulikuwa umeshaliwa na mchwa. Ulisikika mlio kama wa ukuni unaovunjiwa gotini, kikafuata kioo, kisha kijana mwenyewe, akaangukia rundo la magunia ya barua yaliyokuwa yakisubiri gari.

Magunia ndiyo yaliyomwokoa. Hata hivyo mguu ulivunjika, na nyonga nayo haikusalimika. Wapo waliokimbilia nje kuita msaada, na wapo waliokimbia tu. Yule msichana alipiga magoti kwenye vipande vya kioo akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Usijitikise," alimwambia. "Hata kukohoa usikohoe."

"Nimeharibu barua za watu?" kijana aliuliza.

"Barua ni karatasi, hazivunjiki mifupa. Nyamaza."

Siku ya kwanza alikwenda hospitali kumjulia hali, kama ambavyo mtu yeyote mwenye utu angefanya. Siku zilizofuata alikosa kisingizio, akaenda hivyo hivyo. Kijana alipoanza kutembea kwa magongo, tayari alikuwa akijua jina la kila mtu wa ofisi ile, nani mchoyo, nani mwoga wa bosi, na nani analala chini ya meza baada ya chakula cha mchana. Mwaka haukuisha wakaoana.

Jina la Dodo alilipata siku ya harusi. Kaka yake bibi harusi, dereva wa lori mwenye mdomo usio na breki, alisimama akashika kipaza sauti. "Siku zote tulikuwa tunainua macho juu tukiuliza, jamani, dada yetu atapata mume lini? Kumbe tulikuwa tunaangalia palepale! Shemeji yangu, karibu kwetu. Dodo likiiva huanguka lenyewe." Ukumbi ukaangua kicheko, na jina likaganda kama puti ya kushikizia vioo iliyokauka.

Tangu siku ile ya magunia, Dodo hakupanda paa tena. Alifungua kibanda cha vioo mbele ya nyumba yao, akawa anakata vioo vya madirisha, vya makabati, vya fremu za picha. Alikuwa na mkono mtamu. Almasi yake ya kukatia ilipita juu ya kioo kwa sauti ndogo, kama mtu anayechana kitambaa polepole, halafu alikibonyeza kidogo kwa vidole gumba, nacho kikaachana kwa adabu. Watu waliokuja kumwita kwenye kazi za juu aliwaambia, "Mguu haukubali." Kweli alichechemea. Lakini mguu huohuo ulicheza kwenye harusi za majirani mpaka viti vikakunjwa.

Kule posta wakubwa waliona dawa ya dirisha ni kulifunika. Yakapigiliwa mabati juu yake, na chini zikafungwa taa za mirija zilizokuwa zikilia kama nyuki mchana kutwa. Mke wa Dodo alifanya kazi chini ya taa hizo hadi akastaafu. Akirudi nyumbani alikuwa akivua miwani, anasugua macho na kusema, "Leo tena nimekula giza." Walimlea binti yao, binti naye akaolewa mji mwingine, na nyumba ikabaki na watu wawili na redio. Posta ikahamia kwenye jengo jipya. Lile la zamani likafungwa minyororo, likaachiwa popo.

Miaka ikapita. Asubuhi moja mwanamke kijana alisimama mbele ya kibanda, viatu vimejaa vumbi, bomba la michoro kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kimepasuka nini?"

"Bado hakijapasuka kitu. Mimi ni msanifu majengo. Tunaikarabati posta ya zamani, itakuwa maktaba."

Dodo akaweka almasi mezani.

Msanifu alieleza, naye alieleza vizuri, bila kujitutumua. Jengo lile lilikuwa linalindwa kwa sababu ya umri wake, na mkaguzi wa majengo ya kale hakutaka sura ya paa ibadilike hata kigae kimoja. Lakini maktaba ilihitaji taa, feni na kompyuta, na umeme wa mji ule ulikuwa kama mgeni asiyeaga, unaondoka unavyotaka wenyewe. Sola za kawaida juu ya vigae zilikataliwa. Ndipo msanifu akafikiria lile dirisha. Wakiondoa mabati na kurudisha vioo mahali vilipokuwa zamani, paa litakuwa na sura yake ya asili. Ila vioo vyenyewe viwe vya aina mpya.

Akatoa kipande kwenye mkoba, akakiweka mkononi mwa Dodo. Kilikuwa kizito kuliko kilivyoonekana. Katikati ya tabaka mbili za kioo kulikuwa na vipande vyembamba vyeusi vya mraba, vimepangwa kwa kuachiana nafasi, ukitazama juani unaona mwanga ukipita katikati yao. Pembeni zilitoka nyaya mbili nyembamba zilizoshikilia taa ndogo. Dodo alipokitoa kivulini, taa ikawaka.

Akacheka kama mtoto. Kisha, kwa mazoea tu, mkono ukaenda kwenye almasi.

"Usikate!" msanifu aliruka. "Samahani, mzee. Kikikatwa kinakufa. Njia za umeme zimo ndani."

"Kioo kisichokatwa?" Dodo alikigeuza huku na huku. "Sasa hicho ni kioo au ni mkwe?"

Msanifu alicheka hadi akashika meza. Ndiyo maana alihitaji mtu, alisema. Kila kioo kitaagizwa kwa kipimo cha nafasi yake, na mbao za fremu zile zimejikunja kwa uzee, hakuna nafasi inayofanana na mwenzake. Kuna za kuziba, kuna za kunyoosha, kwa namna ya mafundi wa zamani. Vijana wake walikuwa hodari wa umeme, lakini hakuna aliyewahi kuligusa dirisha la namna ile. "Nimeambiwa wewe unalijua."

"Nalijua kidogo," alisema Dodo. "Nilipita katikati yake." Halafu akatikisa kichwa. "Mwanangu, mguu haukubali."

Msanifu hakumbana. Alimwachia kile kipande, akaaga.

Wiki ile nzima Dodo alikuwa akikitoa kipande juani na kukirudisha kivulini, anawasha na kuzima, mteja akimwita mara mbili ndiyo anaitika. Mkewe alimwona kupitia dirisha la jikoni. Siku hizo sufuria zilioshwa kwa kelele kuliko kawaida.

Jioni moja, wakiwa mezani, alisema, "Unaitaka ile kazi."

"Nimeshakataa."

"Mdomo ndio uliokataa."

"Na mguu."

"Usiniletee mambo ya mguu. Mguu wako naujua kuliko unavyoujua wewe."

Dodo alisukuma sahani. Akasema kwa sauti ndogo, "Naogopa, mke wangu. Nikifikiria tu pale juu, viganja vinalowa."

Labda alitarajia kubembelezwa. Badala yake mkewe alivua miwani na kuiweka mezani, uso ukawa mwingine.

"Ukipanda stuli kubadilisha balbu, mimi huwa wapi?"

Dodo alifikiri. "Unakuja kuchukua chumvi. Au unatafuta kiberiti."

"Chumvi gani inatafutwa chumbani? Nakuja kusimama nyuma yako. Wewe ulianguka mara moja, yakaisha. Mimi miaka yote hii nakuona ukianguka. Nikisikia sahani imevunjika kwa jirani, nakuona. Wewe hukuusikia ule mlio kutoka chini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeogopa hata kupanda kitanda."

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi chenye maji ndani yake. Dodo akamshika mkono juu ya meza, kitu ambacho hawakuwa na desturi ya kukifanya chakula kikiwa bado hakijaondolewa.

"Basi tuiache," alisema.

"Basi tuiache," alisema mkewe.

Asubuhi alipoamka alimkuta mkewe amekaa kwenye kiti cha mlangoni, amevaa suruali ya zamani ya binti yao na raba miguuni, kitambaa kichwani kimefungwa kwa nguvu.

"Unakwenda wapi?"

"Tunakwenda. Kama ni kuogopa, niogope kitu ninachokijua. Nataka nione utasimama wapi."

Katikati ya chumba cha zamani cha barua kulikuwa kumejengwa jukwaa la mabomba na mbao, lenye ngazi zinazopinda mpaka juu kabisa. Msanifu aliwapa kofia ngumu na mikanda ya usalama, akaonyesha mahali pa kunasia kamba. Msimamizi wa mafundi alimtazama mama mtu mzima aliyevaa kofia juu ya kitambaa, akakohoa.

"Mama, kule juu si..."

"Baba, humu nimefanya kazi kabla hujaota meno. Nipishe."

Akatangulia. Dodo akafuata. Ngazi ya kwanza sawa, ya pili sawa. Katikati ya safari mikono ya Dodo ikashika bomba na kukataa kuliachia. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Mafundi wakaacha kazi wakamtazama, na kutazama kwao kukazidisha mambo.

Mkewe aligeuka, akashuka hadi uso wake ukawa karibu na wa mumewe.

"Mkate ulibaki?" alimwuliza.

"Nini?"

"Mkate. Nyumbani. Ulibaki au umeumaliza?"

"Ulibaki... ulibaki nusu."

"Na maharage uliyafunika? Maana paka wa jirani hana haya."

"Niliyafunika."

"Kwa kile kifuniko kinachokaa upande?"

"Hapana, kwa sahani."

"Sahani nayo paka anaisukuma. Uliweka kitu juu yake?"

Hivyo hivyo, maharage, paka, kifuniko, wakabishana ngazi kwa ngazi, na Dodo alipofungua mdomo kumjibu kwamba paka yule anastahili kukaripiwa na mwenye paka, miguu yake ilikuwa imekanyaga mbao za juu kabisa.

Mkewe hakumpongeza. Alipiga magoti akaanza kugonga mbao za fremu kwa kifundo cha kidole, moja baada ya moja, akitega sikio, kama anayechagua tikiti sokoni. "Hii nzima. Hii nzima. Hii mkaiulize vizuri." Msanifu alimfuata nyuma na chaki, na ile ya kuulizwa kweli ilikuja kung'olewa.

Kisha mama yule alikaa ukingoni, mkanda umemshika, akachungulia chini. Sakafuni zilionekana alama za miguu ya meza za barua, madoa meupe katika saruji.

"Kumbe ni hapa tu," alisema. "Mimi nilidhani ni mbali sana."

Kazi ikaanza. Siku ya kung'oa mabati mafundi waliyafungua kutoka nje, na bati la kwanza lilipoondoka mwanga ulishuka ndani ya chumba kile ukiwa na vumbi lake lote, mnene, utadhani ungeweza kuushika. Waliokuwa wanapaka rangi walisimamisha brashi. Popo waliobaki wakahama bila notisi. Dodo alipima kila nafasi, msanifu akiandika, wakabishana, wakapima tena. Aliziba nyufa, akabadilisha vipande vilivyooza kwa mbao za aina ileile, akakwangua puti ya zamani iliyokuwa ngumu kama mfupa. Kazi ya juu ya paa kwa nje waliifanya vijana, naye aliiendesha kutoka kwenye jukwaa kwa maneno na kwa kunyoosha kidole. Haikuwa kwamba woga umeisha. Kila asubuhi viganja vililowa, akavifuta kwenye suruali, akapanda.

Vioo vilipofika, vimefungwa kwenye masanduku ya mbao, viliingia mahali pao kimoja baada ya kingine. Nyaya zikalazwa kwenye mifereji ndani ya fremu, hakuna wa kuziona. Lakini kioo cha kona ya mwisho kilikataa. Upande mmoja kilikaa, upande wa pili kikabaki kimeinuka, kikitetereka kama meza mbovu ya hotelini. Dodo akachukua tepu. Alipopima pembe kwa pembe, alijua.

Alishuka akamfuata msanifu. "Nimekosea, mwanangu. Ile ya kona nilipima urefu na upana, pembe sikupima. Fremu imejipinda. Joto lilikuwa kali siku ile, na mimi nilikuwa na furaha."

Msanifu alifungua mchoro wake. "Na mimi niliichora mraba bila kukuuliza," alisema. "Tumekosea wawili."

Kuuchonga ubao wa zamani mkaguzi alikataa. Kukikata kioo haiwezekani. Walisimama pale wakitazama juu kama watu waliofungiwa nje ya nyumba yao, mpaka msanifu akasema, "Kona moja ikikosa umeme, hatutakufa. Kile kikae stoo kama akiba. Pale tuweke kioo cha kawaida, kinene, chenye wavu wa waya ndani, kikipasuka kisidondoke."

Uso wa Dodo ukafunguka. "Cha kawaida?"

"Cha kawaida."

"Hicho," alisema Dodo, "kinakatwa."

Akakikata huko huko juu, juu ya blanketi, kwa kuifuata ile kona na upogo wake wote. Mafundi wa umeme waliacha kazi wakaja kutazama, maana walikuwa hawajawahi kuona mtu akiongea na kioo. Kiliingia bila kugongwa.

Siku zote hizo mkewe alikuwa anakuja na chupa ya chai, anakaa kwenye benchi karibu na mlango, shingo ameinua juu. Mwanzoni hakupepesa macho. Msimamizi alimtania kwamba atarudi nyumbani na shingo ya twiga. Baadaye alianza kuleta kazi ya kufuma, akawa anainua macho mara moja moja. Na siku ile ya kona, Dodo alipomaliza kubana puti, alitazama chini ili amwonyeshe. Mkewe alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea ukuta, mdomo umeachama kidogo, sindano za kufumia zimeteremka mapajani, na hatua chache kutoka kwake fundi mmoja anakata bomba kwa msumeno.

Dodo akabaki amesimama na kisu cha puti mkononi. Kisha aliinama kumwambia fundi wa msumeno, "Kijana, tafadhali, pumzika kidogo. Mke wangu amelala."

"Mzee, tuna haraka."

"Najua. Kidogo tu. Ni muda mrefu hajalala hivyo."

Msumeno ukanyamaza. Dodo alikaa kwenye ubao, miguu ikining'inia, akamwangalia mpaka alipoamka mwenyewe na kujifanya hakuwa amesinzia.

Siku ya kuwasha, mawingu yalitanda tangu alfajiri. Shemeji mtu, ambaye alikuwa ameacha lori lakini mdomo bado anaendesha, alikuja kushuhudia. "Shemeji, leo jua limewasusia. Tutawasha mishumaa?" Fundi umeme akasogeza swichi. Feni ya chumba cha watoto ilikaa kimya, ikatikisika, ikaanza kuzunguka polepole kama mtu anayetafakari neno kabla ya kulisema. Kisha ikashika kasi, na taa za mezani zikawaka, zote. Shemeji alivua kofia. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, hakuwa na la kusema, na watu wakacheka zaidi kuliko kama angesema.

Baada ya chakula cha mchana wingu lilipasuka, na vile vipande vyeusi vilivyomo ndani ya vioo vikatupa vivuli vya miraba sakafuni, nyeusi na nyeupe, nyeusi na nyeupe, ukuta hadi ukuta. Mke wa Dodo alitoka taratibu hadi katikati, akakanyaga nyeupe tu.

"Drafti," alisema. "Mmenitengenezea drafti."

"Nani amekuruhusu kuruka kete?" Dodo alimjibu kutoka mlangoni.

Siku hizi, ukiingia maktaba ile, hutaona jina la Dodo popote, naye hajawahi kuuliza. Lakini vumbi likikaa juu ya vioo umeme unapungua, kwa hiyo wakati wa kiangazi wanamwita aje asimamie usafishaji. Anavaa mkanda, anapanda ngazi ya chuma iliyowekwa ukutani, anakaa kwenye mlango mdogo wa kutokea paani na ndoo yake, anawaelekeza vijana na vilevile anaosha vilivyo karibu kwa mkono wake mwenyewe, maana hamwamini mtu na kitambaa.

Mkewe humngoja chini, ila hamngojei kama zamani. Amejiandikisha. Anachagua kitabu, anatafuta meza iliyo chini ya mwanga, anakaa. Anasoma polepole, kidole chini ya mstari. Mtunza maktaba alipomwuliza kama miwani inamsumbua, alisema hapana. "Maisha yangu yote nimesoma bahasha tu, mwanangu. Ya ndani sikuwahi kuyaona. Niache nisiwe na haraka."

Juzi Dodo aliteremka mikono ya shati imelowa hadi kwenye viwiko, akaja hadi mezani, akasimama.

"Tayari. Twende nyumbani?"

Mkewe aliinua mkono bila kuinua macho kitabuni. "Subiri kwanza. Huyu bwana anakaribia kugundua."

"Bwana gani?"

"Kaa."

Dodo akavuta kiti, akakaa kando yake, akasubiri.